Makufuli Matatu kwenye Mlango wa Seva Moja

Bi Zuwena, shikamoo.

Mimi si mtu wa kuandika magazetini, na safu yako huwa naisoma nikiruka barua za waume, maana wangu nilishamalizana naye, lakini leo nimekosa pa kwenda na nakuomba unisikilize mpaka mwisho, na ukitaka kucheka ucheke ukishamaliza. Nakuandikia kwa kalamu, na barua naipeleka stendi mwenyewe, kwa sababu barua pepe yangu imefungiwa ndani ya chumba ambacho ndicho kilichoniletea balaa lote hili.

Nina chuo cha uhasibu na uhazili hapa Lindi, mtaa wa Mtanda. Sikukirithi. Nilianza na taipureta moja kwenye baraza ya watu, nikawa nachapa barua za kuomba kazi za watu ambao leo wana viti vya kuzunguka na wakipishana nami wanaangalia simu, nikajiunga na kikoba, kikoba kikanikopesha, nikanunua komputa ya kwanza, ikazaa ya pili, na leo nina wanafunzi mia mbili na sitini. Majina ya wenzangu nitakaowataja sijayabadilisha, maana wakisoma nataka wajijue.

Wa kwanza ni Dokta Klementi, mtu wa Rondo, ana chuo cha afya hapa hapa mjini. Wa pili ni Bwana Mehdi, ana chuo cha utalii na hoteli huko Kilwa Masoko. Hatufundishi kitu kimoja, lakini tunagombea watoto walewale wa kidato cha nne, na nikisema tunagombea nina maana kwamba mwaka juzi Dokta Klementi alipaka tangazo la chuo chake kwenye ukuta unaotazamana na geti langu, mwanafunzi wangu akitoka darasani kitu cha kwanza anachokiona ni nesi anacheka.

Sasa mamlaka inayotusimamia ilitaka matokeo yote yapelekwe kwa mfumo, si kwa makaratasi, na hakuna kati yetu aliyeweza kununua na kuendesha mfumo peke yake, basi tukaunda umoja. Seva moja, vyuo vitatu: matokeo humo, barua pepe humo, maktaba ya mtandaoni humo. Tulipiga picha tumeshikana mikono, na hiyo picha ndiyo kazi pekee tuliyoifanya pamoja tukaimaliza siku hiyohiyo.

Ugomvi ulianzia pa kuiweka. Dokta Klementi alisema ikae kwake kwa sababu ana jenereta, Bwana Mehdi akasema ikae Kilwa kwa sababu Kilwa ina historia, nikamuuliza historia inapoozaje seva, na mimi nikasema ikae kwangu kwa sababu ukijumlisha wanafunzi wa vyuo vyote vitatu, wangu ni asilimia hamsini na mbili, hiyo ni hesabu si majivuno, lakini kwenye kura nahesabiwa theluthi kama wao. Mwisho tukakubaliana isikae kwa yeyote. Tukapanga chumba cha nyuma cha duka la barafu la Bi Nishrin, kule sokoni, kwa kuwa kina ubaridi na yeye hana mtoto anayesoma kwa yeyote kati yetu.

Na kwa kuwa hatukuaminiana, nilitoa wazo, na mpaka leo naamini lilikuwa wazo zuri: tufanye kama kikoba. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu na washika funguo watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye kikoba hakikupotea kitu. Tukapiga komeo tatu kwenye mlango, kila mmoja akaja na kufuli lake. La Dokta Klementi ndilo kubwa kuliko yote, linafaa kwa bohari ya korosho.

Maktaba nayo tuliikubali, kila chuo kilete vitabu vyake kila mwanafunzi asome. Bwana Mehdi akapakia menyu za hoteli, Dokta Klementi akapakia kitabu cha mwili wa binadamu kilichoanzia kiunoni kwenda chini, nusu ya juu akasema bado inashughulikiwa. Mimi nilipakia mitihani iliyopita ya miaka sita. Majibu sikuyaweka, na usiniulize kwa nini, niyaweke ili wanafunzi wao wafaulu kwa jasho la walimu wangu?

Basi umeme ukakatika, betri za akiba zikaisha, seva ikazima. Umeme umerudi, seva haikurudi, inataka mtu aingie abonyeze kitufe. Fundi wangu Yasini ameniambia ni kitufe kimoja tu, kama cha redio. Mara ya kwanza Dokta Klementi alimtuma msaidizi na ufunguo, Bwana Mehdi akamrudisha, kwamba kwenye kikoba hakuna kutumiana ufunguo, na kusema kweli hapo nilimuunga mkono. Mara ya pili Bwana Mehdi hakuja, alikuwa na wageni wa meli. Mara ya tatu tumefika wote watatu, mchana kweupe, na hapo ndipo palipoharibika kabisa.

Dokta Klementi akasema, "Aanze kufungua aliye karibu na mlango."

Bwana Mehdi akasema, "Aliye karibu ni mimi, na mimi ndiye niliyetoka mbali. Nimepanda basi kutoka Kilwa kuja kufungua mfumo wa kidijitali, halafu bado niwe mlinzi wenu?"

"Ndugu yangu, hapa suala si umbali. Suala ni itifaki."

Na Bi Nishrin, anahudumia wateja hana habari nasi, akasema, "Itifaki yenu imenizibia friza. Kama hamfungui nunueni barafu mtupishe."

Wote wakanigeukia mimi. Nikawapigia hesabu hapohapo: nikitoa kufuli langu kwanza, nao wakabakiza yao, mlango unabaki umefungwa vilevile ila mimi ndiye nisiye na kufuli. Huo ni ujinga, na mimi sikujenga chuo kwa ujinga. Bwana Mehdi akaangalia saa ya basi. Tukaondoka, na makufuli yetu matatu yakabaki pale.

Sasa Bi Zuwena, dirisha la kupokea matokeo linafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, na matokeo ya wanaomaliza yamo ndani ya kile chumba. Likifungwa hayajafika, watoto wangu wanasubiri mwaka mzima. Yupo mmoja anaitwa Saida, wa Kilangala, mama yake kamsomesha kwa mikorosho, na chama cha ushirika kijijini kwao kimempa kazi ya uhasibu, barua anayo, wanachosubiri ni matokeo tu. Kila asubuhi anakuja ofisini, anasimama mlangoni, anasema, "Shikamoo mama, bado?" Namwambia bado, wale wawili ndio wanaotuchelewesha. Anasema haya, anakwenda. Jana alisema, "Mama, ushirika wamesema wanaweza kumchukua kijana mwingine, Ramadhani, badala yangu."

Yasini ana msumeno wa chuma, anasema makufuli yale mawili ni kazi ya nusu saa. Niyakate? Au nijitoe kwenye umoja huu, ninunue seva yangu, nikae na akili yangu?

Mimi niliyechoka,
Mshika ufunguo, Mtanda.

JIBU LA BI ZUWENA

Marahaba mwanangu. Nimecheka baada ya kumaliza, kama ulivyoomba, isipokuwa pale kwa Saida.

Kwanza pole. Mtu aliyetoka kwenye taipureta ya barazani mpaka wanafunzi mia mbili na sitini hastahili kusimama mbele ya friza la watu akibishana nani atoe kufuli. Lakini ulisimama, na hukuburutwa. Halafu wenzako umewataja kwa majina, la kwako umelificha. Mhariri alitaka kuyafuta hayo mawili; nimemwambia ayaache, kwa kuwa Lindi nzima inajua mwenye chuo cha uhasibu Mtanda ni nani. Mko sawa sasa, wote watatu mko hadharani.

Niliitafuta habari ya mume kwenye barua yako, sikuiona, lakini nyumba hii naijua. Ni nyumba ya wake wenza watatu wenye jiko moja, kila mmoja kaifungia chumvi yake, na watoto wote wanalala na njaa. Kila mama anawaambia wanawe kwamba ubaya uko kwa wale wengine wawili. Ndivyo unavyomwambia Saida. Na Dokta Klementi anawaambia manesi wake hivyohivyo, na wewe ndiye mmoja wa wale wawili.

Sasa nisikilize, maana unapenda hesabu na hapa hesabu imekupita. Kikoba kinafunga sanduku kwa sababu ndani mna pesa, na pesa mtu akizitoa zinapungua. Matokeo ya Saida yakisomwa Kilwa yanapungua nini? Mitihani yako ikisomwa na nesi wa Dokta Klementi, kwako inabaki mingapi? Mmeweka ulinzi wa kitu kinachoisha juu ya kitu kisichoisha. Tena hata kikoba chenyewe mmekinakili vibaya. Kikoba kina siku yake, wiki ikifika wanachama wanakaa, funguo zinatoka, sanduku linafunguliwa, na mshika ufunguo akikosa bila sababu anatozwa faini. Nyinyi mmechukua makufuli, siku ya kikao mmeiacha. Mtu wa kikoba ulikuwa wewe, na hilo ulipaswa kuwakumbusha wewe.

Msumeno wa Yasini urudishe ulikotoka. Ukiingia peke yako mle ndani, kesho yake Dokta Klementi na Bwana Mehdi watasema umegusa alama, na mamlaka itasimamisha matokeo ya vyuo vyote mpaka uchunguzi uishe. Saida atapata cheti chenye maneno. Na kujitoa, ujitoe uende wapi? Matokeo yamo humo. Hujitoi kwenye nyumba ambayo umemwacha mtoto ndani.

Utafanya hivi. Ukishasoma gazeti hili nenda dukani kwa Bi Nishrin, mchana, wakati wa wateja, umchukue Saida na wenzake wanaomaliza. Toa kufuli lako. Lako peke yake. Ulisema huo ni ujinga. Basi huo ujinga ndio ninaokutuma. Mpaka leo mlango una makufuli matatu na hakuna mwanafunzi anayejua ni nani kamfungia. Ukitoa lako yanabaki mawili, na kila anayekuja kununua barafu anajua ya nani. Piga picha komeo yako ikiwa wazi, itume kwa wenzako wote wawili, uandike: "Mimi nimeshafungua, tarehe ya dirisha mnaijua, wanafunzi wetu wako hapa wanawasubiri." Usiongeze neno. Najua utatamani kuongeza, usiongeze. Halafu waache wanafunzi wakae kwenye mabenchi ya Bi Nishrin wanywe sharubati, na wale wa chuo cha afya wakipita waulize kuna nini, waambiwe. Dokta Klementi anapenda matangazo ukutani. Hilo litakuwa tangazo lake. Na Bwana Mehdi ambaye ana wageni wa meli, wazazi wa Kilwa watampigia wao, wewe usimpigie.

Wakifika, usiwape hotuba, wala usiwatajie asilimia yako hamsini na mbili. Mlango ukifunguka, kabla hamjatoka mle ndani mkubaliane mambo mawili yaandikwe. Chumba kiwe na mtunzaji mmoja asiyekula mshahara wa chuo chochote kati yenu, awe na ufunguo mmoja, na kila anayeingia aandike jina. Na kila chuo kipewe nakala ya matokeo yake kila wiki, ili umeme ukikatika tena ukatike peke yake, usikate na watoto. Dokta Klementi akiendelea na itifaki, mkumbushe nusu ya juu ya mwili wa binadamu, kule kwenye kichwa, wanafunzi bado wanaisubiri.

Kufuli lako usirudi nalo nyumbani. Mwachie Bi Nishrin, atafungia friza, amewavumilia vya kutosha.

Na kitufe asibonyeze mwenye chuo hata mmoja. Akibonyeza Dokta mtasema amejipendelea, ukibonyeza wewe watasema ndivyo ulivyopanga tangu mwanzo. Mwite Saida abonyeze. Chombo mlikinunua kwa ajili yake, ila mlimsahau mlipokuwa mnapiga picha.

Mashine ikishawaka na matokeo yakienda, nyinyi watatu nendeni zenu. Wewe bakia kidogo, mwanangu, kaa mbele ya hiyo komputa, upakie na yale majibu.