Gari Iache Kanisani

Gonja

Shemeji Eliezeri, shikamoo.

Huku hatujambo. Tangawizi imeota vizuri, na Evaline sasa anatembea bila kushika ukuta.

Nashukuru ukoo ulikupa wewe ile gari ya mbio ya marehemu mdogo wako Sifael. Mwingine angeitumia kubebea ndizi. Lakini imezeeka, shemeji. Ukiiwasha usiikimbize, iache iungurume mpaka ipate moto. Hata kama huna safari, iwashe mara kwa mara betri isife. Ukifika Maore kwenye joto lile, ipumzishe, uangalie maji, ndipo uanze kupanda mlima.

Jiwe lililo nyuma ya kiti usilitupe. Hendibreki haishiki mlimani. Sifael alikuwa anakanyaga breki, mimi nateremka na tumbo langu la Evaline, naliweka nyuma ya tairi, naye anacheka, "Mke wangu, wewe ndiyo breki yangu."

Ukija Krismasi nakuomba gari uiache kanisani, upande kwa miguu. Siku ile ulipoondoka nayo, Evaline alisikia injini akashika ukuta mpaka mlangoni akiita baba. Alisimama pale kumngoja mpaka usingizi ukamchukua. Nilimbeba nikamlaza kitandani.

Akikua kidogo nitamweleza habari za baba yake. Hapo ndipo utaifikisha mpaka nyumbani, na jiwe ataliweka yeye.

Wasalimie wote hapo kwako.

Mimi shemeji yako,
Devotha, mama Evaline