Jiko la Dada Yangu Mezani kwa Bosi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamrushia bosi wangu faili. Mimi ni wakili wa biashara za nje na haki za ubunifu, mtu mzima mwenye kitambi, kazi yangu kukamatisha makontena ya bidhaa bandia, na nyumbani najisifu mpaka wanangu wananiita Bwana Feki, basi juzi mteja wetu, mwagizaji, kaweka jiko la mkaa mezani, eti limebuniwa na wahandisi wake ng'ambo, amelisajili, na kuna fundi hapa mjini analiiga, kwa hiyo Ijumaa tukaombe amri ya kukamata mali yote ya fundi huyo bila kumwarifu, nami nikaligeuza nikaona mlango wa majivu uko kushoto. Mshauri, uko kushoto kwa sababu aliyelibuni ni dada yangu, fundi huyo huyo, naye hutumia mkono wa kushoto! Nilikuwepo akikata bati la kwanza, nikamcheka. Nikamnong'oneza bosi, akasema, "Dada yako alisajili? Hakusajili. Vaa joho." Mke wangu naye: "Mpigie wifi yangu ahamishe majiko leo, la sivyo utalala sebuleni." Nimpigie?

Bwana Feki, pole. Hata mimi nimechemka: mtu anaiga mpaka mkono wa kushoto wa mwenzake, halafu anamwita mwizi! Ila wewe nawe, umekasirika tangu juzi na faili bado unalo? Hasira gani hiyo inayoripoti kazini asubuhi?

Usimpigie. Aliyokueleza mteja ni siri yake, hata kama ni mteja wa hovyo, na majiko yakihamishwa usiku atakayeonekana mwizi ni dada. Kama ni sebuleni, lala. Kitambi kitakukinga na baridi.

Leo hii mwandikie bosi, ubaki na nakala. Sema fundi ni dada yako, unajitoa. Sema ulimwona akilibuni, hivyo kiapo cha mteja cha kuombea amri hiyo ni cha uongo. Kusajili kitu si kukibuni. Mnong'ono ataukana, maandishi hawezi, na wakili anayepeleka mahakamani kiapo anachojua ni cha uongo anachezea leseni yake.

Bosi akithubutu kuiomba amri hata hivyo, basi dada atakapoitwa kujitetea, akiwa na wakili asiye wewe, usiketi na wenye majoho. Ulichokiona karakanani si siri ya mteja, ni chako. Panda kizimbani ukakiseme.