Halimo, Mpishi wa Mahema ya Chechelesi

Mwaka umetimia leo, Halimo, tangu tukuzike, na bado tunapita mlangoni pako polepole tusije tukakuamsha. Kulia hatulii. Tumekauka tu.

Mei ya 1978, mto ulipofurika kule Merti, upepo ukang'oa mabati na maji yakabeba mbuzi wa watu, mumeo Roble aliwaleta waliookoka hapa Isiolo kwa lori lake, bila nauli. Wewe hukungoja kuitwa. Ulitwaa sufuria kubwa ya harusi, ukaenda kwenye mahema yao ya Chechelesi, ukapika uji asubuhi na wali jioni, bure, karibu mwezi mzima.

Nakiru, mwenzako wa jikoni, anasema ulikuwa ukiufokea moshi. "Toka hapa wewe, kwani nani amekualika?" Watoto wa Merti walicheka hadi uji ukawamwagikia. Wewe ulikula mwisho, ukikwangua chini ya sufuria. Kwetu mwenyeji hali kabla ya mgeni, na wewe adabu hiyo uliizidisha.

Halafu homa ikakushika. Sista Kawira, aliyekuwa akitibu watu bure kwenye hema la pili, alikuita siku tatu mfululizo.

"Mama Deqa, njoo umeze dawa."

"Wacha, sista. Hizo ni za wageni. Wamalize kwanza."

Ukarudi kukoroga.

Tuseme ukweli, maana aibu hii ni yetu. Tuliona unatetemeka. Tulisikia ukikataa dawa, na tukakusifu! Mama yetu alisema mbele ya majirani, "Huyo ndiye binti niliyemlea." Roble akacheka kwa fahari. Mimi pia nilicheka. Hakuna aliyekushika mkono akakupeleka, na hema lenyewe lilikuwa hatua ishirini. Siku ya nne hukuamka.

Wageni waliporudi Merti, sista alifunga hema, nasi tukamsaidia kupakia. Sanduku moja la dawa za malaria lilirudishwa lilikotoka halijafunguliwa. Roble ndiye aliyelibeba hadi kwenye lori.

Tunaokukumbuka ni mumeo Roble Awale, binti yako Deqa, mama yetu Sahro, Nakiru na wapishi wenzako wote, na mimi dada yako, Sirad Warfa.

Mola akurehemu. Kukusahau hatutaweza, Halimo. Tusamehe.