Picha ya Garland Haipo Tena

Dada yangu Verla,

Kuku wanataga, na mkono alionivunja Garland umeanza kunyooka.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, nafungua kwenye simu ukurasa wa jela ya kaunti, ule wenye picha za waliomo ndani, na kuandika jina la ukoo la huyo mume wangu: Tackett. Nikishaiona picha yake, ndipo nafungua mlango.

Leo haikuwapo. Nikapiga simu jela.

“Katoka jana, mama,” askari akasema. “Watu wa kanisa lenu wamemwekea dhamana. Alilia mno kwenye ibada ya wafungwa.”

Mchango wa hiyo dhamana kauanzisha Mama! “Mtu akitubu hafungiwi mlango, mwanangu,” ananiambia. “Ule ufunguo wako wa akiba nimempa.”

Banda la kuku nimeliacha wazi, wajitafutie wenyewe. Usinijibu kwa anwani hii.

Mdogo wako,
Nadine