Mwaitu Alikuwepo Kituoni

Soko la Nunguni,
Machakos.
9 Septemba 1978

Mpendwa dada Ndila,

Pokea salamu zetu kutoka huku milimani. U mzima? Kazi ya uuguzi huko Lusaka umeshaizoea? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetuingia mifupani, na kile kigoda chako jikoni hakuna anayekikalia.

Barua yako imefika. Unauliza kama Mwaitu alikataa kuja kukuaga kwa sababu hakuipenda safari yako. Ndila, mama yetu alikuwepo. Alikuwa tayari tangu alfajiri, amejifunga leso uliyomnunulia, kibuyu cha maziwa mapajani. Mkosaji ni mimi.

Unajua nilivyoipigania ile njia ya mabasi pale sokoni. Mabaraza matatu nilisimama mbele ya chifu nikiwakemea wenye magari wanaoegesha humo kama uani kwa baba zao, huku akina mama wakishushwa na mizigo katikati ya barabara. Nikashinda. Ikapitishwa basi lisimame ndani ya njia yake tu, ikizibwa, lipite. Waliposema mkosaji atozwe faini, nilikataa: mwenye gari hulipa akicheka. Apewe ndoo ya chokaa, nikasema, ayapake mawe ya mpakani siku nne za soko, watu wakimtazama.

Asubuhi uliyopita na basi ukitoka kwa wakwe zako kule mjini Wote, miguu ya Mwaitu ilikuwa imevimba. Nikamleta kwa pikapu, nikaiingiza kwenye njia ya mabasi ili asitembee hata hatua kumi kukufikia. Nilijiambia ni dakika chache tu. Kila niliyewahi kumkemea alisema hivyo hivyo.

Basi halikupata nafasi. Dereva alipiga honi mara mbili, akaitii sheria yangu, akapita. Tuliuona mkono wako dirishani.

Nikawasha gari tuwafuate. Mbuvi, askari wa soko, akasimama mbele yangu. "Mwalimu, ukiondoka bila ndoo, kesho nimkamate nani?" Watu wakacheka. Tulipomaliza kubishana, vumbi lenu lilikuwa limeshatua.

Tulirudi nyumbani. Mwaitu akasema, "Maneno yote hayo uliyo nayo, Mutie, hukubakiza moja la kusimamisha basi?" Kibuyu akakirudisha ukutani. Hadi leo hakuna anayeruhusiwa kukigusa.

Siku zangu nne zimekwisha, lakini jana nilirudi tena na ndoo. Mawe yanang'aa, utayaona kutoka kona ya juu. Ukipata likizo, niandikie siku tu. Pikapu itabaki nyumbani. Mwaitu nitambeba mgongoni.

Kalunde mke wangu anakusalimu, na shangazi Kaluki anauliza kama huko mnapata mbaazi. Mungu aliyekuvusha mipaka akurudishe kwa njia ile ile.

Ndimi kaka yako, ninayekungoja nikiwa nimesimama kwa miguu,
Mutie