Mashine Nitakayomwachia Halima

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Na cherehani, bado inakwama ukifika kwenye pindo? Mimi huku Garissa ni mzima kabisa, ila jua ni kali hadi kufuli ya mlango huwezi kuishika mchana bila kitambaa. Swali lako la simuni sijalisahau: "Nikate kitambaa chako cha harusi ya Wakesho, au nisikate?" Nilikujibu, "Ngoja kidogo, Mama," ukanikatia simu. Nakujua. Ulikumbuka Krismasi, nilipofika Hola, njiani kuja nyumbani, nikashuka basi na kurudi nilikotoka kwa sababu mashine za chuo zilikuwa zimezimika, nanyi mkala pilau yangu bila hata aibu. Sasa nakuandikia uelewe kwa nini nilisita. Jibu lenyewe limo humu humu, kwa hiyo usiruke mistari.

Unajua kazi yangu ni kutunza kompyuta kubwa za chuo, zinazohifadhi matokeo ya mitihani, karo na mambo ya maktaba. Zamani kila kazi ilikuwa na mashine yake. Vumbi na joto vikazimaliza moja baada ya nyingine, na mwaka huu chuo kikanunua moja mpya yenye nguvu. Ili ifanye kazi zote, inawekewa programu ya kuigawa ndani kwa ndani, iwe kama kompyuta kadhaa. Fikiria ile ploti ya Mjomba Mwakio: paa moja, vyumba vingi, kila mpangaji na kufuli yake, na mmoja akiunguza ugali wake wengine hawana habari. Programu za namna hiyo ziko nyingi, na mkubwa wetu wa utawala, Mwalimu Hussein, akaniambia nichague mimi. Mama, nilivimba kichwa!

Kati ya tatu nilizozipima, ya kwanza ilikuwa ya kulipia kila mwaka. Muuzaji wake alitoka Nairobi na suti nzito, kufika saa sita shati limemganda mgongoni, lakini maneno hayakumwisha. Niliiacha kwa sababu malipo yakichelewa nayo inagoma, na malipo ya ofisi unajua yanavyojikokota. Zikabaki mbili za bure. Moja unaiendesha kwa kuiandikia amri, herufi kwa herufi, haina picha wala vitufe. Ni nyepesi, ina kasi, na mimi naijua kama wewe unavyoijua cherehani yako, ile ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Ya pili unaifungua kama ukurasa wa mtandao na kubonyeza vitufe tu. Hiyo niliidharau, nikasema ni ya wavivu.

Nikaingia kwa Mwalimu Hussein na uamuzi wangu: ile ya amri. Yeye kwao ni Ijara, kwa wafugaji wa Kisomali, "p" kwake huwa "b", na hana maswali mengi.

"Hii brogramu yako, nani mwingine anajua?"

"Ni mimi tu, Mwalimu. Lakini mimi niko hapa kila siku."

Akacheka. "Baba yangu alikuwa na ngamia moja, maziwa mingi, wallahi. Lakini inakubali baba beke yake kukamua. Mtu mwingine akikuja, inafunga maziwa. Baba akisafiri, sisi watoto tunalala njaa. Na yeye mwenyewe, harusi ngabi alikosa sababu ya hiyo ngamia!"

Nilikumbuka Hola, Mama, na ile pilau.

Basi akaamua kila programu ijaribiwe siku moja bila mimi. Halima, mwenzangu wa ofisini, msichana wa hapa hapa mjini aliyeisomea kazi hii kama mimi, azime kimoja cha vile vyumba vya ndani, kisha akirudishe kutoka kwenye nakala ya akiba. Mimi nibaki nyumbani kwangu, mtaa wa Waberi.

Siku ya programu yangu, simu haikupoa. "Abaayo, imeandika maneno nyekundu." Abaayo ndivyo wanavyomwita dada huku. "Abaayo, baada ya hiyo naandika nini?" "Abaayo, bole, nimekuchosha?" Mpaka mama mwenye nyumba akaja kuniuliza kama nimefiwa. Halima si mjinga hata kidogo. Ni mimi niliyeweka kila kitu kichwani, na kichwa nilikuwa nimebaki nacho nyumbani.

Siku ya ile ya vitufe, kimya. Nikafua. Nikapika. Nikaitazama simu kama ina chaji. Ilikuwa nayo. Alasiri nikashindwa, nikavaa viatu mbio mbio hadi chuoni. Nikamkuta Halima anakunywa chai ya maziwa ya ngamia, mashine yote inafanya kazi, wanafunzi wako foleni wanachukua matokeo yao kana kwamba sikuwahi kuzaliwa.

"Mbona hukunipigia?"

"Nikubigie ya nini, abaayo? Imerudi. Hata nimeizima tena, nione kama ni bahati. Ikarudi fizuri tu." Akanimiminia kikombe.

Nitakwambia kweli, kidogo niliumia. Mtu hupenda kuhitajiwa. Halafu furaha ikanipanda ghafla, nikamkumbatia kwa nguvu hadi chai ikamwagikia buibui lake, akanifukuza ofisini huku anacheka. Kesho yake tuliiweka ile ya vitufe iwe ya kudumu kwenye mashine mpya, na Halima ndiye aliyebonyeza. Mwalimu Hussein akatia sahihi likizo yangu akiwa amesimama mlangoni. "Enda harusi," akasema, "na simu zima."

Nisalimie Bibi, umwambie kanga yake nimeshainunua. Mjomba Mwakio mwambie ploti yake imenisaidia kufafanua mambo makubwa, ila kodi asipandishe kwa sababu hiyo. Na bibi harusi wetu, dada yangu Wakesho, aambiwe namletea ubani wa Kisomali, nyumba yake inukie hadi kwa majirani.

Haya Mama, chukua mkasi. Kata kitambaa. Kiunoni ongeza kidogo, maziwa ya ngamia yamenikubali.

Ni mimi binti yako, ambaye safari hii hashuki Hola,

Mghoi