Kanga Zako Harusini kwa Zuhura

Dada Mwanahawa mpendwa,

Zuhura wako ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa mtu wa kusubiri salamu ziishe. Ameolewa Ijumaa iliyopita, hapa hapa uani kwangu Kibiti, na mvuvi wa Maparoni mwenye adabu na kicheko kikubwa. Umepata mkwe. Sasa nikusimulie habari ya sare, maana nilikaribia kuiharibu.

Unanijua. Mimi ndiye fundi, na harusi ya mwanao ilikuwa nafasi yangu ya kutamba. Nilishachagua satini ya kijani inayong'aa, wanawake wote wa ukoo mshono mmoja, mabega yamepanda juu. Nikamwonyesha Zuhura. Akachomoa uzi mmoja pembeni, akauwashia kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukaganda kuwa kitone cheusi kigumu. Nilishtuka, maana hivyo ndivyo ulivyonifundisha wewe kule Ikwiriri, nilipokuwa bado nashona vifungo tu. "Nusa kwanza, ndipo ukate," ulikuwa ukiniambia, na mimi kwa kujaribu nikauchoma mtandio wako mpya. Ulinikimbiza hadi kisimani. Kumbe mwanao naye ulimfundisha.

"Hii plastiki, mama mdogo," akasema. "Haiozi. Tutaivaa siku moja, halafu?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba watu watasema mtoto wa marehemu ameozwa kimasikini. Hakubishana. Alitoa kwenye mkoba kipande cha nguo alichopewa na mchumba wake, kilichonasa kwenye nyavu karibu na mikoko. Kilijaa tope, lakini rangi ya dhahabu bado inawaka. Nikakigeuza. Dada, mshono ulikuwa wangu! Ule upindo wa mara mbili ninaoringia mji mzima. Nilikishona kwa ajili ya harusi ya watu, kikavaliwa mara moja, na sasa kinazonga mizizi ambako kamba huzaliana. Nikaikunja ile satini, nikairudisha mfukoni.

Basi nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kanga zako.

Kanga zako nilizigawa mwenyewe siku ya arobaini, kama desturi inavyotaka: doti hii kwa jirani, ile kwa shoga yako, nyingine kwa wenzako wa shamba la mpunga. Sadaka ukishaitoa huiombi tena. Ningeanzaje kupiga hodi kwa watu nikidai nguo za marehemu?

"Hatudai," Zuhura akasema. "Tunawaalika. Mwenye kanga ya mama aje ameivaa. Asiye nayo avae ya pamba aliyo nayo nyumbani."

Tukatuma maneno hayo Kibiti, Chumbi, hadi visiwani Maparoni. Wiki ile sikutulia. Miaka sita tangu uondoke ni mingi kwa kanga. Nilijua nyingine zimebebea watoto, nyingine zimeshakuwa matambara ya kuipulia sufuria. Maneno ya watu yalikuwa yamenitoka kichwani. Nilichoogopa ni mwanao kutoka nje siku yake, akatazama uwanja mzima, asione hata uzi wako mmoja.

Walikuja, dada. Ile ya zambarau uliyotufunika nayo wote wawili mvua ilipotukuta tukivuna mpunga Chumbi, ilikuja kiunoni kwa jirani yako, imepauka, imetulia. Ile nyekundu ilikuja na kiraka. Mwanamke mmoja alikuja na kipande cha ukubwa wa kiganja tu, amekifunga mkononi. "Kilichobaki ndicho hiki," akasema. "Imebeba wanangu watatu." Nililia huku nacheka, na sikuona haya. Hakukuwa na rangi mbili zinazofanana, lakini mtu yeyote angejua wale wanawake wamekuja kwa ajili ya mtu mmoja.

Aliyeharibu picha nilikuwa mimi, nimesimama katikati na gauni langu la Idi, lote nailoni. Shoga yako Bi Mwajuma, aliyetoka Maparoni tangu alfajiri, akanitazama juu hadi chini.

"We mama wa mwali, mbona uko uchi?"

Nikamwambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Siku ile ya kugawa sikujiwekea hata moja. Nilidhani nikizitoa zote nitaacha kukulilia. Bi Mwajuma hakusema pole. Alivua upande wa kanga yako aliojitanda, akabaki na ule wa kiunoni, akanifunika mabega. "Doti ni pande mbili," akasema. "Mie mmoja wanitosha."

Zuhura akatoka. Alipita kwa kila mwanamke akimwamkia, na kila alipofika aliishika ile kanga kidogo kabla ya kusogea. Alipofika kwangu hakuishika. Aliuficha uso wake wote begani kwangu, akasema, "Mama."

Miaka sita ananiita mama mdogo. Sijui alikuita wewe au aliniita mimi, na sitamuuliza. Nilimwitikia, "Abee, mwanangu."

Pumzika huko uliko, dada. Akiita tena, nitaitika.

Mdogo wako.